Hati kwa Kaka, Mkopo kwa Dada

Chumba cha mbele, nyumbani kwangu,
mkabala na kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mpwa wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba nyumba na mkopo wa nyumba ni kitu kimoja, na kwamba ukimkabidhi mtu nyumba, mkopo nao utamfuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Haumfuati. Mkopo hubaki palepale ulipotia sahihi, unakutazama wewe.

Najua barua haianzi hivi. Mimi mwenyewe nilikufundisha, ukiwa darasa la tatu, kwamba salamu hutangulia na shida hufuata. Leo nimevunja mwiko wangu kwa kusudi, usije ukasoma salamu, ukatabasamu, ukaiweka barua pembeni ili umalizie kazi. Sasa nakusalimu.

Hujambo, mwanangu? Mkwe wetu hajambo? Na mjukuu wangu, kile kikohozi chake kimepoa? Mgongo wako je, au bado wanakukalisha kutwa nzima kwenye kile kiti kisicho na egemeo, ukichonga meno ya watu? Huwa nawaambia wazee wenzangu kwamba mpwa wangu ni fundi wa meno bandia, na papo hapo wote hufunga midomo, wasionekane mapengo.

Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako hajambo pia. Bado anafagia ua mara mbili kwa siku na kulalamika kwamba vumbi la kiwanda lina chuki naye binafsi. Presha yake imetulia tangu abadilishiwe dawa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwa sababu kwenye simu ungesema "ndiyo mjomba, nimekusikia mjomba", na tukishaagana ungempigia kaka yako kumwuliza kama ni kweli. Jambo hili linataka macho, si masikio. Barua naiandika kwa mkono kama kawaida yangu, lakini mama wa duka la kurudufu ameahidi kuipiga picha na kukutumia siku hiyohiyo nitakayomaliza.

Ujumbe wako wa Jumanne niliupata. Umeandika kwamba kaka yako anataka nyumba ihamishiwe kwenye jina lake, kwamba ni jina tu, wewe utaendelea kulipa mkopo kama kawaida, kwamba karatasi ya kutia sahihi itakufikia kwa huduma ya vifurushi Ijumaa ijayo, na kwamba umeshamkubalia. Kisha ukaniuliza: "Wewe unaonaje, mjomba?" Mwanangu, huko ni kuuliza kina cha maji ukiwa umeshalowa kifuani. Lakini umeuliza, nami nitajibu.

Jumatano kaka yako alikuja kwangu alipofunga duka. Alikuja na mkate na kilo mbili za sukari. Kaka yako akija na sukari, ujue ana neno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sukari ya nini, na mimi nina kisukari?"

"Ya wageni wako."

"Mgeni wangu ni wewe."

Akacheka, akakaa kwenye ukingo wa kiti, nusu amekaa nusu amesimama, kama alivyokuwa akikaa mezani utotoni. Akaanza. "Mjomba, ni jina tu. Nyumba iko huku, dada yuko kule. Nikitaka kibali cha kujenga vyumba viwili vya duka pale mbele, naambiwa aje mwenye nyumba. Nikitaka mita ya maji ibadilishwe, aje mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko kule anachonga meno!"

"Na mkopo?"

"Unabaki ulivyo. Kila mwezi benki inapata chake kutoka kwenye mshahara wa dada. Benki wala haitajua."

"Hapo ndipo ninapoogopa, kwamba ungependa isijue."

"Ah, mjomba nawe! Umestaafu miaka tisa, dirisha namba nne la usajili wa ardhi bado halijakutoka kichwani."

Nilimwambia sitakushauri utie sahihi mpaka benki itoe idhini kwa maandishi. Tabasamu likabaki mdomoni, lakini macho yakaondoka. Akaaga. Sukari akaiacha mezani.

Nataka niandike hili polepole ili unielewe: kaka yako si mwizi. Nilimlea pamoja na wewe baada ya baba yenu kufariki, namjua. Yeye ni mtu anayeamini kwamba kesho italipa makosa ya leo, na kesho yake haijawahi kumfikia. Watu wa namna hiyo huwaumiza wenzao huku wakilia nao.

Ijumaa nilipitia dukani kumrudishia sukari yake. Nilimkuta wifi yako peke yake kaunta. Nikasimama kutazama rafu za vipuri: vichujio vya mafuta, breki, taa za nyuma, maboksi yamepangwa kama askari. Nikalisukuma moja kwa kidole, liteleze kidogo tu. Likaenda mpaka ukutani. Lilikuwa tupu. Nikajaribu la pili, nalo tupu. Wifi yako aliniona, akainamisha uso kwenye daftari.

"Mume wako yuko wapi?"

"Mjomba, huyo siku hizi anatembea na bahasha kama karani wa wilaya. Jana kutwa alikuwa maofisini. Mimi naambiwa nitabasamu kwa wateja." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Wateja wenyewe wako wapi?"

Jana, Jumamosi, nilikwenda kumwona mama yako pale kwenye nyumba yako. Mlangoni nikapishana na mwanamume mwenye viatu safi mno kwa mtaa ule, ameshika utepe wa kupimia. Alikuwa ametoka kupima kona ya jiko hadi kwenye ukuta wa uzio. Alinisalimu kwa adabu, akapiga picha paa, akaenda zake.

"Dada, yule nani?"

"Fundi wa mapazia. Mwanangu kamtuma."

"Mapazia ya ukuta wa nje?"

"Wewe kwako kila mtu mwizi mpaka alete mashahidi. Kaa unywe chai."

Nikakaa, nikanywa chai. Meza ya cherehani ya mama yako ilikuwa haitikisiki tena, nikashangaa, maana mguu mmoja wa meza hiyo ni mfupi tangu enzi za baba yako. Nikainama. Chini ya mguu ule alikuwa amekunja kadi ngumu, nyeupe, mpya. Nikaivuta. Imeandikwa jina la mtu, namba ya simu, na kazi yake: mthamini wa majengo.

Mwanangu, mthamini hajali mapazia. Mthamini huitwa na mtu anayetaka kuuza, au na mtu anayetaka kukopa. Niliirudisha kadi chini ya mguu wa cherehani bila kumwambia mama yako neno. Alikuwa amefurahi kwamba meza imetulia.

Sasa niruhusu nieleze, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi niliyobakiza duniani.

Nyumba yako ina maandishi ya aina mbili. Ya kwanza ni jina lililo kwenye daftari la usajili wa ardhi. Jina hilo linasema nani ana haki ya kuuza, kurithisha, kupangisha na kufukuza. Ya pili ni mkataba wako na benki. Huo unasema nani atalipa. Leo maandishi yote mawili yana jina lako, ndiyo maana unaona kama ni kitu kimoja. Siku utakayohamisha jina la kwanza, utabaki na la pili. Kaka yako atakuwa na mlango, wewe utakuwa na mzigo, na kati yenu hakutakuwa na chochote kilichoandikwa isipokuwa upendo. Upendo ni kitu kizuri, lakini dalali wa mahakama hana mahali pa kuusoma.

Utaniambia, "Lakini mjomba, hati si iko benki?" Iko. Hati iliyo benki ni karatasi. Kwa taratibu za ofisi yetu, mwenye nyumba ni yule aliye kwenye daftari, na daftari linaruhusu jina libadilike huku rehani ya benki ikibaki imeandikwa chini yake. Kuomba idhini ya benki ni juu ya mwenye kuhamisha. Karani hakuulizi umeomba au hukuomba. Nimekaa kwenye dirisha lile miaka thelathini na moja, nimepokea mihamisho ya aina hiyo, nimeigonga muhuri, na wengi wa waliotia sahihi niliwaona tena baadaye. Hawakuja wakicheka.

Mmoja alikuwa fundi saa, mtu mtaratibu, mwenye kioo chake cha kukuzia jichoni hata akiwa barabarani. Alihamishia nyumba yake kwa mdogo wake ili, akifa, pasiwe na ugomvi. Mkopo akaendelea kuulipa yeye, hakukosa hata mwezi mmoja kwa miaka sita. Mdogo wake, ambaye naye hakuwa mtu mbaya, alimdhamini rafiki. Rafiki akatoroka. Mdai akatafuta mali ya mdhamini, akaiona nyumba, akaiwekea zuio daftarini. Benki ilipoona zuio ndipo ilipogundua kwamba nyumba si ya mkopaji wake tena. Ikafungua mkataba, ikataka salio lote kwa mkupuo.

Siku ile fundi saa alikuja dirishani akiwa na faili la risiti zote. "Karani, tazama. Mimi ndiye ninayelipa."

Nikamfungulia daftari. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari wa wino mwekundu, nami ndiye niliyeupiga.

"Unalipa, fundi," nikamwambia, "lakini si mwenye nyumba."

Alilitazama lile jina kwa kile kioo chake, kana kwamba likikuzwa litabadilika. Nyumba ilipigwa mnada, bei haikutosha kumaliza mkopo, na benki ikaendelea kumdai yeye kilichopungua. Akawa analipia nyumba ambayo watu wengine wanalala ndani yake. Mdogo wake alilia sana. Machozi hayakupokelewa benki.

Basi fikiria na yako. Kaka yako akishindwa kumlipa anayempa mali ya duka, nyumba inaguswa. Kaka yako akiachana na wifi yako, nyumba inaingia kwenye mgawanyo. Kaka yako akitangulia mbele ya haki, Mungu aepushe, nyumba ni ya warithi wake, na mama yako atakuwa mgeni wao. Nyumba ikiungua, bima iko kwa jina lako, nao watasema: huyu si mwenye mali, halipwi. Ukitaka wewe mwenyewe kukopa ununue chumba huko uliko, benki ya huko itaona bado una mkopo mkubwa, na ukiulizwa nyumba iko wapi, huna. Katika yote hayo kuna mtu mmoja tu ambaye hawezi kukwepa, naye ni wewe.

Sasa nije kwenye jambo la aibu, la ukoo wetu.

Marehemu babu yako alikuwa na usemi: "Mbuzi ndiye huhesabiwa meno, ndugu hahesabiwi." Alimaanisha kwamba mnunuzi humpanua mbuzi mdomo sokoni kwa sababu hamwamini muuzaji, lakini ndugu humpokea ndugu alivyo. Ni usemi mtamu, na umetuletea hasara mara nyingi. Kwa ajili yake, katika ukoo huu, kusoma karatasi mbele ya ndugu aliyeileta ni kumwita mwizi. Mama yako alitia sahihi ya kuuza shamba la baba yenu bila kusoma. Mama yako mdogo alidhamini pikipiki akidhani anajiandikisha kwenye chama cha mazishi, mpaka leo tunamcheka, na mpaka leo hajacheka. Na wewe, najua, karatasi ya Ijumaa ingekufikia na ungeitia sahihi ukiwa umesimama mlangoni, kwa sababu imetoka kwa kaka.

Usifanye hivyo. Fundi wa meno anaruhusiwa kuhesabu meno.

Hapa naiacha kalamu kidogo. Nataka nikunukulie kifungu chenyewe cha benki, neno kwa neno, na nakala ya mkataba wako uliniachia mimi. Iko kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti.

*

Jumatatu, saa sita mchana.

Mpwa wangu, jana sikuweza kuendelea.

Mkataba niliupata. Kifungu kiko ukurasa wa kumi na moja: "Mkopaji hataruhusiwa kuuza, kutoa zawadi wala kuhamisha umiliki wa nyumba bila idhini ya maandishi ya benki, akifanya hivyo, benki itakuwa na haki ya kudai salio lote la mkopo mara moja." Kama nilivyokueleza. Lakini nyuma ya mkataba, kwenye bahasha hiyohiyo, kulikuwa na karatasi nyingine ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ni nakala ya hati ya uwakili, yaani ile karatasi inayompa mtu ruhusa ya kutia sahihi kwa niaba yako; hati yenyewe alibaki nayo kaka yako. Uliitia sahihi siku ya kuondoka, miaka miwili iliyopita, kwenye meza hii ninayoandikia. Unakumbuka? Teksi ilikuwa nje inapiga honi, mama yako analia, mkwe wetu anapima begi kwa mizani ya jikoni. Kaka yako akasema, "Dada, tia hapa, ni ya kulipia maji na umeme usipokuwepo." Ukatia. Akanigeukia: "Mjomba, tia na wewe, shahidi." Nikatia.

Nikatia bila kusoma. Mimi. Niliyewaambia watu miaka thelathini na moja, "Soma kwanza, mzee, soma kwanza, mama." Nilishika kalamu, nikaona uso wa kaka yako unanitazama, nikasikia sauti ya baba yangu kuhusu mbuzi, nikaona haya kuinamisha macho kwenye maandishi.

Jana nimeyasoma. Maji na umeme vimo, mstari wa kwanza. Mstari wa nne unasema: "kupangisha, kuweka rehani, kuhamisha umiliki na kutia sahihi nyaraka zozote zinazohusu nyumba hiyo." Haina tarehe ya kuisha. Chini ni sahihi yako, chini yake ni yangu, nzuri kama ya mwalimu wa mwandiko.

Unaelewa maana yake? Karatasi ya Ijumaa alikuomba kwa heshima tu. Haihitaji, kwa hati hii anaweza kutia sahihi mwenyewe kwa niaba yako.

Leo asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya usajili kabla haijafunguliwa. Dirisha namba nne sasa lina karani mwanamke niliyemfundisha kazi mwenyewe. Wamepaka rangi, wameleta kompyuta, lakini kaunta ni ileile, ina shimo dogo pale nilipokuwa nikiegemeza kiwiko.

"Mwalimu! Umekuja kutusimamia?"

"Nimekuja kuuliza kama raia. Nitazamie nyumba hii ni ya nani."

Akaandika namba, akasoma, akanitazama. "Bado ni ya mpwa wako." Nikashusha pumzi. Kisha akasema, "Ila kuna ombi la kuhamisha. Liliingia Alhamisi. Tulilirudisha kwa sababu mwombaji alileta kivuli cha hati ya uwakili, nasi tunataka ile yenyewe. Alisema iko kwa mwanasheria wake, ataileta Jumatano."

Alhamisi, mwanangu. Siku moja baada ya kukaa kwangu na sukari. Nilipomwambia "subiri benki", nilidhani nimemzuia. Kumbe nimemharakisha.

Nikamwomba karani aliweke ombi lile pembeni walau wiki moja. Akatikisa kichwa, taratibu, na nilimheshimu kwa hilo. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Mjomba si mwenye jina. Akileta karatasi iliyokamilika, nitaipokea na nitagonga muhuri. Anayeweza kuizuia ni yule aliyeitoa, aifute."

"Aifute vipi, naye yuko mbali?"

"Barua moja, yenye sahihi iliyoshuhudiwa na mwanasheria wa huko. Picha yake ikinifikia kabla ya Jumatano, ombi litasimama, nami nitasubiri barua yenyewe ifike. Ikinifikia Alhamisi, itakuta jina jingine."

Kisha akachukua kalamu, akaniandikia anwani ya kutumia, nami nimeinakili nyuma ya ukurasa wa mwisho.

Kutoka pale nilipita mbele ya duka la kaka yako. Lilikuwa limefungwa, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Sikusimama.

Sijamwambia mama yako. Akijua, atampigia kaka yako kumsihi, na kaka yako akisihiwa hukimbia mbio zaidi. Nakuomba nawe usimpigie kwanza. Baada ya barua kupokelewa, mimi nitamwita, tutakaa, na kama duka lake linazama tutatafuta pamoja kamba ya kumvutia ambayo haijafungwa kwenye shingo yako. Anaweza kukasirika nami mpaka nife. Nitavumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni kumwona dada yangu anafagia ua wa watu.

Nisamehe kwa sahihi ile. Sitakuomba tena uamini kwamba mjomba amesoma. Soma mwenyewe kila kitu, hata barua zangu.

Msalimie sana mkwe wetu, mwambie ile redio aliyoniachia bado inasema. Mbusu mjukuu wangu. Wifi yako alikuombea heri nilipomwambia Ijumaa kwamba nitakuandikia. Mama yako mdogo wa pikipiki anakusalimu, na mama yako anasema ule vizuri, uvae soksi. Mungu awalinde katika nchi ya watu, aibariki mikono yako inayowarudishia wengine kicheko, na asiruhusu mlango uliouhangaikia ufungwe mbele ya aliyekuzaa.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuwaza kila siku.

Anwani ya dirisha namba nne, na ya benki ili nayo ijue, nimeziandika nyuma ya ukurasa huu. Leo hii, kabla hujarudi kwenye kiti chako cha kazi, andika mstari huu mmoja: "Kuanzia leo ninaifuta hati ya uwakili niliyompa kaka yangu kuhusu nyumba yangu," utie sahihi mbele ya mwanasheria, na utume picha kote kuwili.